Maneno Yangu Yanakaa Wapi?

Kila nikibandika tangazo la darasa langu la jioni hapa Morogoro, karatasi moja kwenye nguzo ya umeme na nyingine kwenye duka la fotokopi, huja watu wa aina mbili kunibana. Wa kwanza ni vijana waliosomea programu chuoni. Wanasoma, "Jifunze kutengeneza tovuti kwa WordPress, wiki nane, hata kama hujazoea kompyuta," kisha wanacheka kwa adabu. Wa pili ni wale wenye haraka: tovuti siku hizi ni nusu saa, wewe wiki nane unafundisha nini? Mmoja anaona ninachofundisha ni kidogo mno, mwingine anaona ni kingi mno. Nimekaa na madai yao kwa muda wa kutosha. Leo nayajibu, nikianza na lile linalonikera zaidi.

"Huko ni kubofya tu, mwalimu. Mwanafunzi aanze na HTML, aingie CSS, aingie JavaScript, ndipo umpe hiyo WordPress yako."

Hili niliwahi kuliamini. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha hivyo hivyo: wiki ya kwanza alama za aya, ya pili alama za jedwali, ya tatu rangi. Kufikia wiki ya nne viti vitupu vilikuwa vingi kuliko watu, na waliobaki walikuwa na ukurasa mmoja wa manjano wenye jina lao katikati. Kijana aliyekuja ili atangaze nyumba ya wageni ya baba yake aliniuliza, kwa heshima zote, "Sasa mwalimu, vyumba nitaviweka lini?" Sikuwa na jibu.

Wanaoona kubofya ni uvivu wamesahau mambo yalivyoanza. Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza kule CERN, Uswisi, mwaka 1990, kivinjari hicho hicho kilikuwa pia chombo cha kuandikia. Unaweka kishale ukurasani, unaandika, unaunganisha ukurasa na mwenzake, na alama za HTML zinajipanga huko nyuma bila wewe kuzishika. Yule yule aliyebuni HTML ndiye aliyewapa watu wa kwanza njia ya kutoiandika kwa mkono. Vivinjari vilivyokuja kupata umaarufu, kama Mosaic mwaka 1993, vilikuwa vya kusomea, na ule uwezo wa kuandika ukapotea njiani. Mei 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walipotoa WordPress, wakijenga juu ya programu ya b2/cafelog ambayo mwenyewe alikuwa ameitelekeza, walikuwa wanamrudishia mtu wa kawaida kitu alichokuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni karani mmoja wa shule ya sekondari, wala si historia hiyo.

Siku hizi naanza na karatasi na kalamu. Kila mtu aandike: atakayefungua tovuti yako ni nani, na anatafuta nini? Karani akaandika: mzazi, anataka kujua ada, sare, na kama bweni la wasichana lina maji. Ndipo tukawasha kompyuta, tukawasha na XAMPP ili kompyuta ile ijifanye seva, naye akachapa maneno yake. Nikamwambia abadilishe themu. Akabadilisha. Akabadilisha tena, na tena. Rangi zikaja na kuondoka, menyu ikahama kutoka juu ikaenda ubavuni, herufi zikanenepa zikakonda. Ada ikabaki ile ile, na bweni likabaki na kisima chake. Akanigeukia.

"Mwalimu, kwani maneno yangu yanakaa wapi?"

Hilo ndilo swali ninalolifundisha wiki zote nane. Nikamfungulia phpMyAdmin, dirisha la kuchungulia databezi, tukaingia kwenye jedwali la wp_posts, tukashuka mstari baada ya mstari mpaka akaiona sentensi yake imelala humo, bila rangi, bila menyu, maneno matupu. Karibu yake zilikuwepo nakala za awali, kwa sababu kila alipobofya kuhifadhi, mfumo ulijiwekea toleo la kumbukumbu, likiwemo lile aliloandika "bweli la wasichana". Akafunika mdomo kwa kiganja. Jirani yake akauliza vile vialama vya <p> vilivyoshika kila aya mwanzo na mwisho ni vya nini. Nikawaambia hiyo ndiyo HTML. Robo saa iliyofuata nilifundisha somo lile lile lililonikimbizia wanafunzi mwaka wa kwanza, safari hii wao ndio wakinihimiza niendelee.

Vijana wa programu wana haki kwenye jambo moja. Anayeishia kubofya atakwama siku plagini mbili, vile viongezo vya WordPress, zikigombana na ukurasa ukabaki mweupe kama sanda. Kwa hiyo sikatai HTML. Nakataa iwe geti la kuingilia. Mtu huuliza kuhusu injini akiwa ameshakwenda safari na gari likamzimikia.

Sasa wenye haraka. "Nusu saa tu." Hao nao wamezidisha: WordPress imejisifia miaka mingi kwa usakinishaji wa dakika tano, na kwa mwenye mkono mwepesi ni kweli kabisa. Ila baada ya dakika hizo tano una nini mkononi? Makala moja ya kuisalimia dunia, ukurasa mmoja wa mfano, na maoni kutoka kwa mtu asiyekuwepo. Nimeona tovuti za ofisi zenye nembo na kaulimbiu, na ukishuka chini kabisa ile salamu ya mfano bado ipo, haijaguswa tangu fundi alipochukua hela yake.

Picha peke yake hula wiki nzima. Yule kijana wa nyumba ya wageni hakukata tamaa na mimi, alirudi msimu uliofuata. Akapiga picha vyumba sita kwa simu, akazipakia, akazirusha kwenye slaidi inayojizungusha juu ya ukurasa wa mwanzo. Kwenye kompyuta ya darasani zilipendeza. Nikamwambia azime Wi-Fi, afungue tovuti yake kwa simu, kwa bando lake mwenyewe. WordPress tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2,560, lakini hata ikishapunguzwa bado ni pana mno kwa simu ya kiganjani, na ile slaidi ilikuwa inazileta zote sita kwa mkupuo. Chumba cha pili kilitokea nusu: kitanda kipo, mto bado. Alikaa akakitazama kile kitanda kisicho na mto, kisha akauliza mwenyewe namna ya kupunguza picha kabla ya kupakia. Somo hilo halina kitufe kwenye dashibodi.

"WordPress ni bure." Ni kweli, na leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia, kuifungua ndani, kuibadilisha na kumgawia jirani. Bure inaishia hapo. Jina la kikoa, wenyewe tunaita domeini, hulipiwa upya muda wake ukiisha. Hostingi, ambayo ni chumba cha kupanga kwenye seva ya mtu, nayo ina kodi yake. Anayetaka kutoa habari mtandaoni Tanzania azisome kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, ajue kama anahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na ile fomu ya "wasiliana nasi" inayokusanya majina na namba za simu za watu inagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwalimu anayesema "bure" akanyamaza hapo anawapeleka wanafunzi wake sokoni bila kuwaambia kuna ushuru.

Gharama iliyoniuma zaidi, hata hivyo, haikuwa ya ushuru. Kuna shule niliitwa kuisaidia, siitaji jina. Domeini yao ilikuwa imesajiliwa na kijana aliyewatengenezea tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake. Kijana akapata kazi mkoa mwingine, ile barua pepe akaisahau, na taarifa za kulipia zikawa zinakwenda kwa mtu asiyezisoma. Asubuhi moja tovuti ikagoma kufunguka. Mkuu wa shule alinipigia akiamini seva imezima. Seva ilikuwa nzima, maneno yote yamo, picha zote zimo. Kilichopotea ni anwani, na anwani haikuwa yao tangu mwanzo. Tulianza na jina jipya. Ikabidi wapake rangi upya ubavu wa basi la shule, maana jina la zamani lilikuwa limeandikwa pale kwa herufi kubwa za bluu.

Tangu hapo, wiki ya tatu kila mwanafunzi anachora jedwali kwenye daftari, kwa rula. Domeini imesajiliwa kwa jina la nani? Kwa barua pepe ipi? Inaisha tarehe ngapi? Hostingi analipa nani? Nywila ya admini anayo nani, na huyo akifariki au akigombana na bosi, mwingine mwenye nayo ni nani? Wanaguna kwenye neno "akifariki". Wanajaza hivyo hivyo.

Halafu linakuja dai la usalama, ambalo watu wa ofisi hulisema kwa sauti ya chini kama wanamteta mtu: "Hiyo WordPress si inadukuliwa kila siku?" Inashambuliwa kila siku, sibishi. Kwa hesabu za W3Techs ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na mwizi huzoea mtaa wenye nyumba nyingi za kufuli moja. La kujiuliza ni mlango gani huvunjwa. Mwanzoni mwa 2017 matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yaligundulika kuwa na kasoro iliyomruhusu mtu baki kubadilisha makala za wengine. Toleo la 4.7.2 lenye dawa lilitoka tarehe 26 Januari, na watunzaji wa mfumo wakachelewesha makusudi kuitangaza kasoro hiyo kwa takriban wiki moja ili tovuti zinazojisasisha zenyewe ziwahi. Uwezo huo wa kujisasisha ulikuwepo tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013. Kurasa nyingi mno zilichafuliwa siku chache baada ya tangazo, na zilikuwa za wale ambao hawakuwa wamesasisha. Wala si ugonjwa wa WordPress peke yake. Oktoba 2014 Drupal, mfumo mwingine wa tovuti, unaosifiwa na mashirika makubwa kwa ulinzi wake, ulikutwa na kasoro mbaya kiasi kwamba timu yake yenyewe ilionya: kama hukuziba ndani ya saa saba tangu tangazo litoke, jihesabu umeshaingiliwa.

Huku kwetu, hata hivyo, mara nyingi hakuna haja ya kuvunja mlango, kwa sababu mgeni tunamkaribisha wenyewe. Anakuja na flashi. Themu inayouzwa kwa dola, mtu amepewa na rafiki, imekrakiwa, "chukua tu kaka, ni ile ile." Ndani yake kuna faili moja dogo lisilo la mwenye themu, na baada ya miezi miwili tovuti ya kanisa inatangaza dawa za nguvu za kiume. Nimeisafisha tovuti ya namna hiyo. Mchungaji alisimama nyuma yangu muda wote, hakusema neno. Kwa hiyo darasani sheria ni mbili tu. Themu na plagini zinatoka kwenye hazina rasmi ya WordPress au kwa aliyezitengeneza, basi. Na hakuna anayeandika habari akiwa amevaa kofia ya admini: karani anapewa nafasi ya mhariri, mwalimu wa michezo nafasi ya mwandishi, na ufunguo mkubwa unabaki kwa mtu mmoja au wawili walioandikwa kwenye lile jedwali la rula.

Wapo pia wanaosema asiyejua Kiingereza asijisumbue. Hao huwa nawaanzia na kichekesho. Mwaka 2005 kundi la waandaa programu lilijitenga na mfumo ulioitwa Mambo (sisi tungejibu "poa"), likauita mfumo wake mpya Joomla. Jina hilo ni neno letu, jumla, limeandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Waliokwenda kutafuta jina kwenye Kiswahili ni watu wa ng'ambo, halafu sisi tunaambiana lugha yetu haifai kufundishia kitu chenyewe.

Baada ya kicheko, hoja. Maneno ya Kiingereza anayokutana nayo anayeanza kwenye dashibodi hayafiki arobaini, nimeyaandika ukutani. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, elimu yake darasa la saba, aliyashika ndani ya wiki mbili kwa njia ile ile aliyoshikia silingibodi, jipsamu na wayaringi: kwa kuyagusa kila siku. Kinachowapoteza wanafunzi ni mwalimu asiyejua kueleza kwa Kiswahili. Mfano ni ule ugumu wa kutenganisha ukurasa na makala. Kuna walimu wanaoviita vyote viwili "ukurasa", kisha wanashangaa mtu akiweka tangazo la kikao cha wazazi mahali pa historia ya shule. Mimi nawatoa nje. Shule yoyote ina kibao getini: jina, sanduku la posta, kaulimbiu. Hakina tarehe, na mwakani kitakuwa vilevile. Huo ni ukurasa. Ukiingia ndani kuna ubao wa matangazo: kikao Jumamosi, mechi Ijumaa, matokeo yametoka. Karatasi mpya hubandikwa juu ya ya zamani na kila moja ina tarehe yake. Hizo ni makala. Sijawahi kulirudia somo hilo mara mbili.

"Kuna Facebook, Instagram na WhatsApp, tovuti ya nini?" Hapa nakubali nusu. Mama lishe anayeuza pilau kwa mtaa mmoja hahitaji darasa langu. Nimeshamrudisha mmoja na ada yake, nikamwonyesha tu namna ya kupanga orodha ya bei kwenye WhatsApp. Lakini shule, nyumba ya wageni, chama cha ushirika, hivi ni vitu vinavyotafutwa na watu wasiokuwa na namba yako. Tena maneno yako huko yanakaa kwa mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitandao hiyo mitatu ilizimika pamoja kwa saa sita hivi, na aliyekuwa na duka lake lote humo alikaa akitazama kioo cha simu. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Kuwa na ukurasa huko ni sawa. Kutokuwa na kwako ndiko kunakonitia wasiwasi.

Na akili bandia? Itakuandikia ukurasa mzuri wa "Kuhusu sisi" kwa shule yoyote utakayoitajia. Haijui kama bweni lina maji.

Mtihani wa wiki ya nane hauna karatasi. Kila mtu anakuja na flashi yenye nakala ya akiba ya tovuti yake. Nakaa kwenye kompyuta yake, nafuta kila kitu mbele ya macho yake, databezi na folda, kisha namwachia kiti. Muhula wa yule karani, mama wa vifaa vya ujenzi ndiye aliyetangulia. Akaweka WordPress mpya, akaunda databezi mpya, akaingiza faili lake la sql, akasahihisha jina na nywila kwenye wp-config, akafungua kivinjari. Tovuti ikasimama. Bei za saruji zikarudi, saa za kufungua zikarudi, hata kosa lake la "nodo" badala ya nondo likarudi salama. Mahali pa picha palikuwa na viboksi vyeupe vitupu.

Akanitazama. "Picha je, mwalimu?"

"Zilikuwa zinakaa wapi?"

Akachomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena. Viboksi vikabaki vyeupe. Karani wa shule, aliyekuwa kompyuta ya pili, akamwinamia bila kuondoa macho kwenye kazi yake.

"Mama, picha hazikai kwenye databezi. Ni ile folda ya uploads, ndani ya wp-content. Hata mimi jana niliisahau."